Kusikiliza Santuri za Jazz

  

Maneno haya yamepigwa chapa ili mpate kuyasoma tena darasani baada ya kuyasikia. Basi mmoja wenu na asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa kidole. Mahali palipoandikwa "muziki", nyamazeni kidogo. Kama mna redio, gramafoni au simu yenye nyimbo, pigeni wimbo wa zamani mnaoupenda. Kama hamna, mmoja wenu aimbe.

Somo letu ni juu ya kusikiliza. Pengine mtu atauliza, "Kusikiliza nako ni kazi ya kufundishwa? Mimi nina masikio tangu kuzaliwa." Ni kweli, ndugu. Lakini macho pia ulikuwa nayo tangu kuzaliwa, na barua ikikufikia ulikuwa ukiitazama tu. Uliona wino, hukuona maneno. Santuri nayo ni hivyo hivyo. Wengi huisikia, wachache huisikiliza. Leo tutajifunza kuisikiliza, na mwishowe nitawapa kazi moja ambayo ni mtu anayejua kuandika tu awezaye kuifanya.

NENO "JAZZ"

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika nchi yetu bendi nyingi za zamani ziliitwa jazz. Dar es Salaam Jazz ilianza katika miaka ya 1930. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Halafu zikaja Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Kwa watu wetu neno jazz lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye magitaa, tarumbeta, saksofoni na ngoma.

Lakini neno hilo lilitoka mbali. Lilitoka Marekani, kwa watu weusi ambao babu zao walichukuliwa kutoka Afrika wakauzwa utumwa. Katika mji wa New Orleans watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku ya Jumapili, wakapiga ngoma na kucheza. Baada ya utumwa kwisha, watoto na wajukuu wao walishika tarumbeta, klarineti, banjo na piano, wakavipiga kwa namna yao wenyewe. Muziki huo ndio ulioitwa jazz.

Jazz ya Marekani na jazz ya Morogoro au Tabora si muziki mmoja. Bendi zetu zilichukua zaidi kutoka kwa dansi za Kuba na za Kongo, na kutoka kwa ngoma za kwetu. Lakini jambo moja zinafanana. Mpigaji hasomi tu wimbo kama ulivyotungwa. Huongeza maneno yake mwenyewe kwa chombo chake, papo hapo, wenzake wakimsikiliza na kumjibu. Kwa hiyo sikio likijifunza kusikiliza jazz moja, litaifahamu na ya pili.

SANTURI NI KITU GANI

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Gusa koo lako unaposema, utaona linatetemeka. Katika chumba cha kurekodi mtetemeko ule hutikisa sindano, na sindano huchora mfereji mwembamba sana unaozunguka na kuzunguka kuelekea katikati ya sahani. Sahani hiyo ya kwanza hutumika kutengeneza nyingine nyingi zilizo sawa nayo. Ukiiweka santuri kwenye gramafoni, kazi inageuka: mfereji unaitikisa sindano, sindano inaitikisa hewa, nawe unasikia sauti ya mtu ambaye pengine alikufa zamani.

Santuri za kwanza zilikuwa nzito na zenye kuvunjika kama chungu. Zilizunguka mara 78 kwa dakika moja. Baadaye, tangu mwaka 1949, zikaja ndogo za plastiki zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Upande mmoja wa santuri ya 78 huchukua muda wa dakika tatu hivi. Mara 78 kwa tatu ni ngapi? Andika katika daftari. Ni 234. Basi wimbo mzima ni mizunguko 234 tu. Bendi iliyozoea kupiga dansi mpaka alfajiri ilipaswa kusema yote katika dakika tatu. Ndiyo maana katika santuri nzuri ya zamani hakuna kitu cha bure. Kila sauti imepewa nafasi yake.

MWAKA 1928

Shikeni mwaka mmoja kichwani: 1928.

Mwaka huo Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo za taarab. Santuri zake zilipouzwa, watu wa pwani walisikia Kiswahili chao kikitoka katika gramafoni.

Mwaka huo huo, mjini Morogoro, alizaliwa Salum Abdallah. Alipokua aliongoza bendi ya Cuban Marimba, na nyimbo zake zikaimbwa nchi nzima, mpaka alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Na mwaka huo huo, tarehe 28 Juni, katika mji wa Chicago, mtu mmoja aitwaye Louis Armstrong alirekodi wimbo uitwao "West End Blues". Armstrong alizaliwa New Orleans mwaka 1901 katika umaskini, akafundishwa kupiga tarumbeta katika nyumba ya kulelea wavulana watukutu. Mwaka 1960 alikuja Afrika na tarumbeta yake, akapiga Leopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Alifariki mwaka 1971. Santuri yake hiyo ya 1928 ndiyo nitakayoitumia kuwafundisha, kwa kuwa ni fupi, na kila chombo kinasikika peke yake.

(Muziki)

SIKILIZA MARA TATU

Mwanafunzi wa kusoma huanza na herufi, kisha silabi, kisha neno. Msikilizaji naye ana ngazi zake. Usiisikilize santuri mara moja ukaiacha. Isikilize mara tatu, na kila mara uwe na kazi moja.

Mara ya kwanza, fuata njia tu. Wimbo unaanzaje, unapita wapi, unakwisha vipi? Katika "West End Blues" Armstrong anaanza peke yake. Hakuna ngoma, hakuna piano. Tarumbeta inapanda kama mtu apandaye mlima wa mawe, inashuka, kisha wenzake wote wanaingia polepole. Baadaye wanapokezana: tromboni inasema yake, klarineti inasema yake, piano inasema yake, mpaka wanakutana tena mwishoni.

Mara ya pili, chagua chombo kimoja, ukifuate kama mchungaji amfuatavyo ng'ombe mmoja katika kundi. Usikiache hata kikijificha nyuma ya vingine. Mfuate mpigaji wa piano, jina lake Earl Hines. Wakati wengine wanatangulia, yeye yuko chini akiwashikilia. Zamu yake inapofika, utajua kwamba alikuwepo tangu mwanzo.

Mara ya tatu, sikiliza mazungumzo. Nani anauliza, nani anajibu? Kuna mahali klarineti inasema neno, naye Armstrong anaweka tarumbeta chini na kujibu kwa mdomo wake, kwa sauti zisizo maneno ya lugha yo yote. Klarineti inasema tena, naye anajibu tena. Halafu karibu na mwisho anashika tarumbeta na kuivuta sauti moja tu, ndefu, asiiache, mpaka wewe msikilizaji unakosa pumzi kwa niaba yake.

Ndugu zangu wa Ugogo, jambo hili la kuuliza na kujibu si geni kwenu. Mnalijua tangu utoto. Katika ngoma zenu kiongozi huanzisha, wengine huitikia, na waitikiaji wenyewe hugawana sauti za juu na za chini zikapatana. Akina mama wanapopiga muheme, ngoma zikiwa kati ya magoti yao, kila ngoma ina neno lake, na hapana hata moja inayoifunika nyingine. Basi mkiambiwa kwamba jazz ni muziki wa wageni wasomi, msikubali upesi. Sikio lenu limekwisha kufundishwa nusu ya somo na mama zenu.

MAGITAA YA KWETU

Sasa chukua santuri ya bendi ya kwetu, uifanyie kazi ile ile. Bendi zetu za dansi ziliweka magitaa mbele. Kuna gitaa la solo linaloimba juu. Kuna gitaa la ridhimu linalojaza katikati. Kuna gitaa la besi linalotembea chini kama miguu ya mtu mzima. Mara nyingi wimbo huanza kwa utulivu, mwimbaji akitoa habari yake: shida, mapenzi, mawaidha au msiba. Kisha mahali fulani maneno hupungua na magitaa huchemka, na hapo ndipo wachezaji walipopasubiri usiku kucha. Jaribu kupajua mahali hapo panapogeuka. Nani anatoa ishara? Ni ngoma, ni tarumbeta, au ni gitaa la solo?

Msikilize Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944. Alipiga gitaa la solo katika Morogoro Jazz, bendi ambayo mwaka 1970 ilipelekwa Japani katika maonyesho ya Osaka. Mwaka 1973 aliunda bendi yake, Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, hata hajatimiza miaka 35. Utasikia kwamba anapoimba, gitaa lake humjibu, kama Armstrong alivyoijibu klarineti.

Msikilize na mwana wa nchi hii yetu ya kati, Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946. Alipita katika Dar es Salaam Jazz, na mwaka 1970 akaunda bendi ya Afro 70. Wimbo wake "Dirishani" ulipendwa sana. Mwaka 1977 bendi yake iliiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Lagos, Nigeria, na mwaka 1979 alirekodi nchini Sweden. Alifariki mwaka 2004.

Na baada ya kumsikiliza Balisidya, msikilize Mgogo mwingine, Hukwe Zawose, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Yeye hakupiga jazz. Alipiga ilimba na zeze. Ilimba, kama mjuavyo, ni sanduku la mti lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na juu ya matundu yake hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Sikiliza jinsi vyuma vyake vinavyorudia neno moja mara nyingi, kisha kwa ghafula vinaligeuza kidogo. Kisha rudi kwenye gitaa la ridhimu la bendi yo yote ya dansi. Utaona hawa ni ndugu.

(Muziki)

JINA LISILOANDIKWA

Sasa, ndugu wanafunzi, tumefika penye kiini cha somo.

Katikati ya kila santuri imebandikwa karatasi ya duara. Zamani uliiona rangi yake tu. Leo unaweza kuisoma. Chukua santuri kama unayo, uizungushe polepole, usome. Utakuta jina la kampuni. Utakuta jina la wimbo na jina la bendi. Utakuta namba, na pengine 78 au 45.

Je, unaliona jina la mpigaji wa besi? La mpiga ngoma? La kijana aliyepuliza saksofoni mpaka watu wakasimama? Mara nyingi halipo. Imeandikwa jina la bendi, basi. Kazi ya watu wanane imekaa chini ya jina moja. Majina yao yalikaa vichwani mwa watu waliokuwako ukumbini. Watu hao sasa ni wazee, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Anapozikwa mzee wa namna hiyo, mpigaji wa saksofoni hufa mara ya pili, maana hapana tena ajuaye kwamba ni yeye.

Wala santuri zenyewe hazikuenea kila mahali. Nyingi za nyimbo zetu zilitengenezwa sahani huko Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika kanda za Radio Tanzania, zikasikika hewani, lakini mwananchi hakuweza kununua hata moja akaiweka nyumbani. Alibaki na kumbukumbu yake tu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya fedha na mifugo. Mimi nasema hata nyimbo ni mali.

Basi nenda kwa mzee aliye jirani yako. Mwamkie: "Shikamoo, babu. Nimekuja tusikilize wimbo pamoja." Kama hana santuri, leo nyimbo nyingi za zamani zapatikana katika simu. Mjukuu wake atakutafutia. Mwache asikilize kwanza mpaka mwisho, usimkatize. Kisha muulize:

1. Nani anaimba? Nani anapiga gitaa la solo? Na wengine unawakumbuka?
2. Uliusikia wimbo huu wapi kwa mara ya kwanza? Kwenye redio, dukani, au ukumbini?
3. Ilikuwa mwaka gani?

Mzee akisema hakumbuki mwaka, usikate tamaa. Muulize: "Ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baadaye? Kabla ya Azimio la Arusha la 1967? Kabla ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979?" Mtu husahau namba, lakini hasahau alikuwa akiishi wapi na mtoto yupi alikuwa mgongoni.

Yaandike maneno yake kama alivyoyasema. Kama ana hakika, andika "ana hakika". Kama anabahatisha, andika "hana hakika". Usimsaidie kwa kubuni, maana jina la uongo lililoandikwa ni baya kuliko jina lililosahauliwa. Mwishoni andika jina lake yeye mzee, kama amekubali, na tarehe ya siku ile. Kisha msomee yote, asikie kama umeandika sawa. Pengine yeye hakupata nafasi ya kusoma. Siku hiyo ataona faida ya wewe kusoma.

KUTUNZA SANTURI

Mwenye santuri na asikilize haya. Hapa kwetu adui wa kwanza ni vumbi. Wakati wa kiangazi upepo huleta vumbi mpaka ndani ya kabati. Vumbi likiingia katika mfereji, sindano hulisaga kama jiwe la kusagia, na sauti huharibika isirudi tena. Ifute santuri kwa kitambaa laini kikavu, ukizunguka kufuata mifereji, usiikate.

Adui wa pili ni jua. Usiiache santuri dirishani wala ndani ya gari. Ya plastiki itapinda kama chapati.

Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze rundo. Shika ukingo wake na karatasi ya katikati, usiguse mifereji kwa vidole. Santuri ya 78 ina mfereji mpana, haifai kupigwa kwa sindano ya santuri ndogo. Na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono hutumia sindano za chuma. Sindano hizo huchakaa upesi, basi ibadilishe kila upande unapokwisha.

KAZI YA WIKI HII

Kila mwanafunzi achague wimbo mmoja wa zamani. Ausikilize mara tatu, kama tulivyosema. Baada ya kila mara aandike sentensi mbili tu. Halafu amtafute mzee mmoja na kumuuliza yale maswali matatu. Daftari zote ziletwe darasani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kusikia na kusikiliza? Toeni mifano kutoka maisha yenu.
2. Santuri ya 45 ikipigwa kwa dakika tatu, huzunguka mara ngapi?
3. Ni ngoma gani ya kwenu ambamo kiongozi huuliza na wengine hujibu? Mwonyesheni mwalimu.
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani wanaokumbuka bendi za zamani? Mtawaendea lini?

Ndugu, ulipoanza kisomo hiki, jina la kwanza kuandika lilikuwa lako mwenyewe. Wengi mlifurahi siku ile, na wengine walitoa machozi. Sasa andika jina la mtu mwingine, yule aliyepiga vizuri na karatasi ya santuri ikamsahau.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.